Asilimia Tano ya Nini?

Kifungu cha 13 cha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 kilikuwa kifupi sana. Kilisema kwamba Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu litajitahidi kuhakikisha asilimia 5 ya nafasi zote za kibarua, za dharura na za mkataba, serikalini na kwenye kampuni za watu binafsi, zinatengewa watu wenye ulemavu.

Isome tena pole pole. Wanasiasa wetu wamesimama juu ya magari miaka 20 wakituambia "sheria inasema asilimia tano", na wengi wetu tukaamini kwamba kuna mwajiri mahali fulani anayevunja sheria. Lakini angalia ni nani anayebanwa hapo. Si mwajiri. Aliyepewa kazi ni Baraza, na kazi yenyewe ni kujitahidi. Hata mimi hujitahidi kuamka saa kumi na moja asubuhi. Halafu angalia ni asilimia 5 ya nini: vibarua, dharura, mikataba. Kazi ya kudumu, ile yenye payslip na likizo na pensheni, kifungu hicho hakikuitaja kabisa.

Naandika haya nikiwa Chekalini, wadi ya eneo bunge la Lugari, kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega. Ukimtajia mtu wa Nairobi atakuuliza kama hiyo ni Eldoret ama ni Webuye. Ni katikati. Huku ni nchi ya mahindi, na ni nchi ya skimu: mashamba ya walowezi yalinunuliwa na serikali wakati wa uhuru, yakakatwa vipande, wazee wetu wakahamia na mizigo yao kutoka Maragoli, Bunyore na kwingineko. Ule mpango mkubwa wa kitaifa uliitwa wa ekari milioni moja, na ulihamisha familia zipatazo 35,000. Uliyepewa shamba ulipewa pia mkopo, na ulitakiwa kuulipa kwa jasho lako. Kwa hiyo serikali ya miaka ya sitini ilikuwa na picha yake ya mtu anayefanya kazi: ana jembe, ana nguvu, ana deni. Kwa asiyeingia kwenye picha hiyo palikuwa na mpango mwingine, na huo ndio ninaoufuata hapa, kwa sababu naona haujawahi kubadilika sana.

Mwanzo wake haukuwa wa serikali. Jeshi la Wokovu lilianza kazi yake na vipofu Thika mwaka wa 1946, shughuli iliyotokana na wanaume waliopoteza macho kwenye Vita vya Pili. Chama cha kuwasaidia vipofu nchini kikaundwa kwa sheria mwaka wa 1956, chuo cha ufundi cha vipofu kikafunguliwa Machakos mwaka wa 1958, na hapa kwetu magharibi shule ya viziwi ya Mumias ikaanza mwaka wa 1961. Makanisa na wahisani ndio waliobeba mzigo. Serikali ya mkoloni yenyewe ilikuwa na chombo kimoja ilichokitumia kwa bidii kwa mtu aliyeonekana mjini hana kazi wala makao, nacho ni sheria ya uzururaji. Ukikaa kwenye kona ya barabara na bakuli, unakamatwa. Sheria hiyo ilidumu hata baada ya bendera kubadilishwa. Iliondolewa mwaka wa 1997.

Mwaka wa 1959 vipofu wenyewe waliunda muungano wao. Nasisitiza "wenyewe" kwa sababu hadithi hii husimuliwa kama hadithi ya masista, mameja wa Jeshi la Wokovu na mawaziri wenye huruma. Hawa walikuwa watu waliopita kwenye shule zile, wanajua kusoma kwa Braille na wana vyeti vya ufundi. Walitoka shuleni wakakuta hakuna anayewaajiri. Mwaka wa 1964, uhuru ukiwa bado unanukia rangi mpya, waliandamana Nairobi wakitaka kumfikia Kenyatta. Hawakwenda kuomba sadaka. Walikuwa na madai, na la kazi lilikuwa mbele.

Jibu la serikali lilikuwa kamati. (Mambo mengine hayazeeki.) Kamati hiyo iliongozwa na Ngala Mwendwa, waziri wa leba, na kazi yake ikazaa Waraka wa Bunge Nambari 5 wa 1968. Kutokana na waraka huo ikaundwa idara ndani ya wizara ya kusimamia mafunzo ya watu wenye ulemavu. Kituo cha Viwanda kikafunguliwa Nairobi mwaka wa 1971, kisha vikafuata vituo vya mashambani: Kakamega, Itando kule Vihiga, Odiado kule Busia, Machakos, Embu, Kericho, Kisii na vingine, vikafikia takriban 12. Kwa nchi changa isiyo na pesa, hilo halikuwa jambo dogo. Nchi nyingi majirani hazikuwa na kitu kama hicho.

Lakini linganisha kilicholetwa na kilichoombwa. Watu walienda kudai kazi, wakarudishiwa mafunzo. Walisema waajiri hawatuchukui, serikali ikajibu: basi njooni tuwarekebishe ninyi. Hata jina lilikuwa hilo, vituo vya kurekebisha, kana kwamba mtu ni baiskeli iliyopinda rimu. Na neno walilokuwa wakiitwa, ambalo bado utalisikia kanisani Jumapili mchango ukipitishwa, ni "wasiojiweza".

Huku kwetu kuna mzee fundi cherehani aliyepitia mojawapo ya vituo hivyo miaka ya themanini. Polio ilimshika akiwa mtoto. Nilipomuuliza walisoma nini alihesabu kwa vidole: kushona nguo, kushona viatu, useremala, ngozi, kusuka. Nikamuuliza nani alichagua. Akacheka. "Kijana wangu, wewe ulichagua shule? Mguu ndio ulichagua. Mwenye mikono mizuri alienda cherehani, kipofu akaenda kusuka." Walipomaliza, anasema, baadhi waliondoka na cherehani na wengine wakaondoka na cheti na nauli. Yeye alikuwa na bahati ya cherehani.

Na kwa muda ilifanya kazi! Hilo lazima lisemwe. Vituo vile vililenga maisha ya kijijini, na kijiji kilihitaji fundi. Mzee alishona yunifomu za shule tatu, suti za arusi, mapazia. Aliwasomesha watoto wake. Kitambaa kilitoka viwanda vya hapa hapa, Rivatex ya Eldoret na Kicomi ya Kisumu. Halafu mwanzoni mwa miaka ya tisini milango ya soko ikafunguliwa, mitumba ikaingia kwa malori. Viwanda vyenyewe vikayumba, Kicomi ikafunga na Rivatex ikafilisika mwishoni mwa muongo huo. Hakuna sheria ya ulemavu iliyoandika neno mitumba, lakini sidhani kama kuna kitu kilichofuta kazi za wahitimu wa vituo vile kuliko mitumba. Serikali ilikuwa imemfundisha mtu kushona shati kwa saa tano, kisha ikaruhusu shati liuzwe kwa bei ya soda. Jambo kama hilo lilitokea ofisini pia. Kazi ya kupokea simu kwenye switchboard, iliyowapa mshahara vipofu wengi wa kizazi hicho, ililiwa na teknolojia mpya.

Nimeruka miaka ya themanini, na sijutii sana. Moi alitangaza 1980 kuwa mwaka wa kitaifa wa walemavu, Umoja wa Mataifa ukafuata na wake mwaka wa 1981, harambee ikafanywa, Hazina ya Kitaifa ikaundwa. Ilileta viti vya magurudumu na vifaa vya kazi, na anayekihitaji kiti hawezi kukidharau. Lakini mwajiri aliendelea kulala usingizi wake.

Msukumo wa sheria ulitoka tena kwa wenyewe. Muungano wao wa kitaifa, uliokusanya vyama vya vipofu, viziwi na wenye ulemavu wa viungo, ulizaliwa mwaka wa 1989. Jopokazi la kuchunguza sheria likateuliwa mwaka wa 1993. Josephine Sinyo, wakili asiyeona, aliingia Bunge kama mbunge mteule baada ya uchaguzi wa 1997 akasukuma mswada. Sheria ilipita mwishoni mwa 2003, ule mwaka wa kwanza wa Narc ambapo kila kitu kilionekana kinawezekana.

Ilikuwa na mazuri yake. Ilikataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya ulemavu wake. Ilisema mfanyakazi mwenye ulemavu asistaafishwe kabla ya miaka 60. Ilimpa mwajiri wa kibinafsi nafuu ya kodi, akatwe kwenye mapato yake yanayotozwa kodi asilimia 25 ya mshahara anaomlipa mfanyakazi huyo. Ililitaka Baraza liweke orodha ya watu wenye ujuzi ili watafutiwe kazi. Kisha ndipo unafika kwenye kile kifungu cha kujitahidi.

Mimi naona tatizo halikuwa udhaifu wa neno hilo peke yake. Ni wakati pia. Ukitoka Chekalini ukashika barabara kuu upande mmoja unafika Eldoret, upande mwingine Webuye. Sheria ilipoanza kutumika mwaka wa 2004, Rivatex ilikuwa imeshafungwa. Pan Paper ya Webuye, iliyokuwa inalisha mji mzima, ilisimama mwaka wa 2009, na ilipouzwa mwaka wa 2016 haikuwa tena ile ya zamani. Mumias Sugar, mwajiri mkubwa kuliko wote katika kaunti yetu, iliishia mikononi mwa meneja mrasimu mwaka wa 2019. Yaani miaka ile ile ambayo serikali ilikuwa inaomba waajiri wakubwa watenge asilimia 5, waajiri wakubwa wa magharibi walikuwa wanafunga mageti. Asilimia 5 ya kiwanda kilichofungwa haihitaji kikokotoo.

Msamaha wa kodi nao, ambao tangu 2010 unamwondolea mfanyakazi mwenye ulemavu kodi kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi, ni msaada mkubwa kwa mwalimu au nesi. Sitaki kuubeza, namjua mwalimu aliyejenga nyumba kwa pesa hiyo. Ila ni msaada unaokungojea upande wa pili wa mlango. Fundi wetu cherehani hajawahi kukatwa PAYE hata siku moja, kwa hivyo hana cha kusamehewa. Msaada uliomfikia yeye na wenzake huja kwa sura nyingine: vifaa vya kazi kutoka Baraza kwa kikundi kilichosajiliwa, au zile tenda za serikali, asilimia 30, ambazo tangu 2013 zinagawanywa kati ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Uliza kikundi chochote cha kijijini ni nani anayejua kujaza fomu za tenda.

Katiba ya 2010 ilirudia namba hiyo hiyo, angalau asilimia 5 kwenye nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa, ila ifikiwe hatua kwa hatua. Hatua zimekuwa fupi. Ripoti za Tume ya Utumishi wa Umma zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba serikali yenyewe, mwajiri ambaye haihitaji kumbembeleza mtu, haijafika hata nusu ya hiyo asilimia 5.

Mei 2025 ikaja sheria mpya, iliyosukumwa na Seneta Crystal Asige, ambaye naye ana ulemavu wa macho. Hii imeacha kubembeleza. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kutenga angalau asilimia 5 ya nafasi za ajira ya moja kwa moja. Hatimaye, miaka 61 baada ya maandamano ya 1964, mzigo umehamishwa kutoka kwa anayetafuta kazi ukawekwa mezani kwa anayetoa kazi.

Namba 20 ilinifanya nirudi nyuma kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshakutana nayo. Uingereza ilipitisha sheria ya ajira ya watu wenye ulemavu mwaka wa 1944, vita bado vinapiganwa: mwajiri wa watu 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Iliandikwa kwa ajili ya wanajeshi waliokuwa wanarudi bila miguu na macho. Wanaume wa huku magharibi waliopelekwa Burma na jeshi hilo hilo hawakurudi kwenye sheria kama hiyo. Walirudi kwenye kipande na sheria ya uzururaji. Tanzania iliweka sharti mapema kutuliko, mwaka wa 1982, asilimia 2 kwa mwenye wafanyakazi 50, kisha mwaka wa 2010 ikashuka kwenye wafanyakazi 20 na asilimia 3. Sasa sisi, 20 na 5.

Kwa hivyo tuna mfano wa kutazama. Ile ya Uingereza ilidumu nusu karne, na kwa muda wote huo waajiri walioshtakiwa kwa kuivunja hawakuzidi kumi. Kampuni zilikuwa zikiomba kibali cha kusamehewa, na zinakipata. Sheria hiyo pia ilitenga kazi mbili maalum kwa watu wenye ulemavu: kuendesha lifti na kulinda maegesho ya magari. Ilipofutwa katikati ya miaka ya tisini wengi hawakulia. Sisemi yetu itakwenda hivyo. Nasema ukiweka sharti bila mtu wa kuhesabu, mwajiri atajihesabia mwenyewe.

Halafu kuna hesabu ya hapa nyumbani. Jumamosi moja nilitembea sokoni nikiwa na swali moja tu kichwani: nani hapa ana wafanyakazi 20? Agrovet, watu watatu. Posho mill, wawili. M-Pesa, mmoja mmoja. Saluni, kinyozi, welding, duka la vipuri vya boda, hoteli ya chapati, watu wanne na mtoto wa mwenye hoteli. Shule za kibinafsi labda, ukihesabu na wapishi. Ukitoa hizo unabaki na serikali: walimu, hospitali, kaunti. Sheria ya 2025 iliandikwa ikiwa na picha ya ghorofa la Upper Hill au kiwanda cha Athi River. Ile ya 1968, pamoja na ukale wake wote, ndiyo pekee iliyokuwa na picha ya mahali kama Chekalini. Lakini vile vituo vimeachwa vichoke, na sijasikia mbunge yeyote wa huku akivitaja kwenye kampeni.

Mimi huandikia watu CV, 150 bob, 200 kama kuna barua ya maombi. Mmoja wa wateja wangu ni kijana kiziwi mwenye cheti cha ufundi wa umeme. Tunaketi meza moja tunaandikiana WhatsApp, kwa sababu lugha ya ishara ninayoijua ni ya kusalimia tu. Aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: aandike kwamba haskii, au anyamaze?

Alikuwa amejaribu zote mbili. Alipoandika, hakuitwa. Aliponyamaza, kampuni moja ya Eldoret ilimwita, kwa simu. Aliihisi ikitetemeka mfukoni mara tatu. Alipompata nduguye wa kuipokea, ilikuwa imekatika. Alituma SMS kuomba radhi na kueleza. Hawakujibu. Lugha yake ya ishara imo kwenye Katiba kama lugha rasmi ya Bunge, sawa na Kiswahili hiki na Kiingereza, ila mtu wa HR bado anatafuta watu kwa kupiga simu.

Tuliandika. Juu kabisa, chini ya jina, mbele ya namba ya simu: "SMS au WhatsApp pekee, mimi ni kiziwi." Tangazo lilikuwa la kazi ya serikali, na fomu yake ilikuwa na nafasi ya kujaza nambari ya usajili ya Baraza. Hakuwa nayo. Ili uipate lazima upimwe kwanza kwenye hospitali ya serikali, fomu ijazwe, ipelekwe, irudi. Miaka yote 12 ya shule ya viziwi, hakuna aliyekuwa amemwambia.

Siku ya mwisho ya maombi ilikuwa wiki tatu mbele. Alinilipa 200, akarudishiwa 50, kisha akasimamisha boda ya kwenda Lumakanda, akimwonyesha dereva jina la hospitali kwenye simu.